Tulianza kwa moto, sasa kitengo kimepoa

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma safu yako kwa muda mrefu, sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuandikia mimi. Naomba usitaje jina langu.

Mimi ni mkuu wa kitengo cha malalamiko ya wateja katika kampuni moja. Nina watu 11 chini yangu. Miezi minane iliyopita nilikuwa mmoja wao. Nilikaa nao chumba kimoja miaka minne, kisha mkuu wetu akahamishwa, nikapewa nafasi yake. Siku naingia tulikuwa na malalamiko 640 ambayo hayajafungwa, mengine yana zaidi ya mwaka. Nikawaambia wenzangu, jamani, hili rundo tulimalize mwaka huu huu.

Na kweli tulianza kwa moto. Nilitundika ubao mweupe kwenye korido, kila jioni naandika namba iliyobaki kwa kalamu nyekundu. 640, 612, 590. Watu walikuwa wakipita wanasimama kuitazama. Tulibaki kazini hadi usiku na hakuna aliyenung'unika. Mwisho wa mwezi wa tatu tulikuwa tumeshuka hadi 287. Mkurugenzi alikuja mwenyewe kutupongeza.

Baada ya hapo sijui kilitokea nini. Namba ilikaa pale pale wiki mbili, ikapanda hadi 295, ikarudi 290. Nikadhani watu wamechoshwa na utaratibu ule ule, nikaanzisha kikao kifupi cha kila asubuhi. Wiki tatu baadaye nikaleta zawadi ya mfanyakazi bora wa mwezi. Nikafungua kundi la WhatsApp la kuhamasishana. Nikawagawa katika timu tatu zishindane. Mwezi uliopita nikaleta fomu mpya ya kufuatilia kila lalamiko. Kila jambo linachangamka siku nne tano, kisha linapoa. Kwenye kundi siku hizi naandika mimi, najijibu mimi. Juzi nilipita kwenye korido nikaona namba iliyopo ubaoni ni ya wiki saba zilizopita. Mimi mwenyewe ndiye niliyeacha kuiandika, kwa sababu niliona aibu.

Sasa hivi kazi nyingi nafanya mimi. Malalamiko magumu nimeyachukua mimi, na kila barua ya kumrudishia mteja pesa lazima ipite kwangu niisaini, maana nisipokagua makosa yanatokea. Natoka ofisini saa tatu usiku. Nikiwauliza wenzangu kuna nini, wananijibu, "Hakuna kitu, bosi, tupo." Zamani walikuwa wananiita kwa jina.

Kuna mzee mmoja kitengoni, amebakiza miaka miwili astaafu. Wiki iliyopita alinifuata mezani akaniambia kwa upole, "Mwanangu, sisi tumeshaona wakuu wengi. Nguvu ya soda haikuanza na wewe." Hakunitukana, nilijua ananihurumia, lakini nilienda chooni nikalia.

Mkurugenzi naye ameniuliza, ile kasi ya mwanzo imekwenda wapi? Sikuwa na jibu. Shangazi, nifanye nini ili moto urudi? Au mimi si kiongozi, niwaachie wengine?

Mkuu aliyeishiwa pumzi

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikaa na kalamu nikipiga mstari chini ya maneno. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Usiachie. Kutoka 640 hadi 287 ni malalamiko 353, na hapo sijahesabu mapya yaliyokuwa yakiingia kila wiki. Kazi hiyo ilifanywa na watu hao hao unaoniambia wamepoa. Watu hawageuki kuwa wavivu ndani ya wiki mbili. Kuna kitu kilibadilika katika kazi yenyewe, na nadhani umekitaja bila kukiona.

Fikiria mlivyoanza. Mbele ya rundo la mafaili 640, mtu anachukua lipi kwanza? Lile linaloisha kwa simu moja. Mteja aliyekosewa jina, mteja ambaye tatizo lake lilishatatuliwa zamani ila hakuna aliyelifunga, mteja aliyekuwa akingoja barua tu. Hakuna ubaya, hata mimi ningeanza hapo. Lakini maana yake ni kwamba katika miezi mitatu ile mlikula nyama yote laini, na zile 287 zilizobaki ni mifupa. Lalamiko moja sasa linadai siku nne za kufuatilia idara nyingine, kutafuta stakabadhi iliyopotea, kumbembeleza mteja aliyekwisha kata tamaa. Mtu wako anashinda kutwa nzima akihangaika na faili moja, analisogeza kweli kweli, halafu jioni anapita kwenye korido anakuta 290. Jana ilikuwa 290. Ubao uliokuwa ukimwambia kwamba anaweza, sasa unamwambia kila jioni kwamba hajafanya kitu.

Teresa Amabile, mtafiti wa Marekani, pamoja na wenzake, waliwaomba wafanyakazi 238 katika kampuni saba waandike shajara kila siku ya kazi. Yalipatikana maandishi ya siku karibu 12,000. Walipoyachambua wakaona kwamba kinachofanya siku ya mtu kazini iwe njema, kuliko mambo mengine yote, ni kuona kazi yake yenye maana imesogea mbele, hata kama ni kidogo. Kisha wakawauliza viongozi 669 ni nini kinachowapa wafanyakazi ari, wakiwapa mambo matano wayapange. Kusogea kwa kazi kuliwekwa mkiani. Zawadi, pongezi na malengo viliwekwa mbele yake. Nakueleza haya usijione peke yako. Ulipoona moto unazimika ulikimbilia mahali wanapokimbilia viongozi wengi, kwenye hamasa, wakati watu wako walikuwa wanalilia kuona wanasogea.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina kelele yoyote. Chagua watu wawili au watatu wanaoyajua mafaili haya, mkae nayo yote siku moja, na msiyapange kwa tarehe. Yapangeni kwa mahali yalipokwama. Nina hakika hayatakuwa matatizo 290. Yatakuwa matatizo matano au sita yaliyojirudia. Kundi moja linangoja jibu la idara fulani. Jingine halina nyaraka. Jingine limekwama kwa sababu hakuna anayejua nani ana mamlaka ya kuamua. Na jingine, mwanangu, linangoja saini yako. Hilo nitalirudia.

Mkishayapanga hivyo, acheni kuhesabu rundo zima. Katikati ya safari ndiko watu wengi wanakochoka, na sababu yake inaeleweka. Katika miaka ya 1930 mwanasaikolojia Clark Hull alichunguza panya waliokuwa wakikimbilia chakula, akaona wanaongeza kasi kadiri wanavyokikaribia. Sisi binadamu hatuko mbali na hapo. Mwanzoni tunapimia tulikotoka, mwishoni tunapimia tunakokwenda, na katikati kote ni mbali. Wewe umewasimamisha watu wako hapo hapo katikati kwa miezi mitano. Chukueni kundi moja, tuseme lina mafaili 24 yaliyokwama kwenye jambo moja, muandike ubaoni 24 badala ya 290. Na msiandike tu yaliyofungwa. Faili lililokuwa halina nyaraka na leo zimepatikana limesogea, lionekane kwamba limesogea. Mtu akitoka kazini awe na kitu cha kusema nyumbani akiulizwa siku ilikuwaje.

Sasa nije kwenye saini, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe.

Niliwahi kuongoza kitengo kidogo cha kumbukumbu. Nilikuwa na bidii ya kuogopesha. Nilifika wa kwanza, nikatoka wa mwisho, kila karatasi ilipita mikononi mwangu, na kitengo kilisifiwa kwa kasi. Kisha nikaumwa, nikalala hospitali na nyumbani jumla ya wiki mbili. Niliporudi nilikuta mezani kwangu karatasi zimepangwa vizuri kabisa, pembe kwa pembe, na kila moja imebanwa kikaratasi chenye mwandiko wa mmoja wa vijana wangu: anasubiriwa bosi. Nilizihesabu, zilikuwa 31. Nyingi kati yake hata mwanafunzi wa mazoezi angeweza kuziamua. Sikuwakasirikia, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha. Kila walipoamua nilibadilisha neno moja, nikarekebisha koma, nikauliza kwa nini hukuniuliza. Wakajifunza kungoja. Siku ile nilikaa kwenye kiti nimeshika vile vikaratasi, nikaelewa kwamba kasi niliyokuwa nikisifiwa ilikuwa yangu peke yangu. Nikilala, nayo imelala.

Unasema usipokagua makosa yanatokea. Naamini. Lakini jiulize yanatokea mangapi, na yana uzito gani, kisha upime na wateja wanaongoja wiki nzima barua zao zikiwa chini ya mkono wako. Weka kiwango cha pesa. Chini ya kiwango hicho, anayeshughulikia faili anasaini mwenyewe na wewe unapitia machache mwisho wa wiki, baada ya barua kwenda. Juu ya kiwango hicho, wasaini wawili wanaoaminika. Kwako yaje yale machache kabisa yenye hatari ya kweli. Hakikisha tu taratibu za kampuni zinaruhusu, na kama haziruhusu, hilo ndilo la kumpelekea mkurugenzi. Makosa yakitokea, na mwanzoni yatatokea, zungumza na mhusika faraghani, mrekebishe, na usimnyang'anye saini. Ukimnyang'anya mmoja, wote 11 wamerudi kwenye vikaratasi.

Na yale malalamiko magumu uliyoyachukua wewe, yarudishe. Najua ulitaka kuwapunguzia mzigo. Ila angalia ulichowaachia: mepesi machache na kuingiza mapya kwenye fomu. Kazi inayomfanya mtu ajisikie amekomaa umeibeba wewe, tena unaibeba saa tatu usiku peke yako. Pengine ndiyo maana unaitwa bosi siku hizi. Usiwalazimishe warudi kwenye jina. Likirudi litarudi lenyewe, na lisiporudi si msiba. Umebadilika nafasi, nao wanajaribu kujua wakuweke wapi.

Kuhusu kikao cha asubuhi, zawadi, kundi, mashindano na fomu: ni mambo matano katika miezi mitano. Kila ulipoanzisha jipya kabla la zamani halijaota mizizi, uliwafundisha kwamba lolote unaloleta litapita, wavumilie tu siku chache. Hapo ndipo neno la yule mzee linapotoka. Waite, uwaambie kwa maneno mepesi: nimeleta mambo mengi kwa pupa, mengine tunayaacha leo. Kisha waulize lipi lina faida kwao libaki. Uyaache mbele yao kwa kutamka, yasife kimya kimya kama ule ubao, maana jambo linalokufa kimya linabaki mezani kama deni.

Kama ungeniuliza mimi, ningefuta zawadi na mashindano kwanza. Malalamiko yaliyobaki yanahitaji mtu amwambie mwenzake "hili niliwahi kulishughulikia, anzia pale." Ukishawapanga washindane, nani atamwambia mwenzake? Kikao kifupi ningekibakiza, mara mbili kwa wiki, kwa swali moja tu: umekwama wapi? Na kila atakayesema amekwama, kazi yako wiki hiyo ni kwenda kumkwamua. Hapo ndipo jasho lako linapotakiwa. Wewe una mlango wa idara nyingine ambao wao hawana.

Kuna jambo moja la miezi mitatu ya kwanza ambalo nataka usilitamani tena. Ule usiku mliobaki kazini. Najua ulikuwa mtamu, kila mtu amechoka na anacheka. Lakini kasi ile ilikuwa mkopo, na tangu mwezi wa nne mnalipa.

Mwaka 1911 Roald Amundsen wa Norwei alikuwa kwenye barafu ya Antaktika akitaka kuwa wa kwanza kufika Ncha ya Kusini. Alijua Mwingereza Robert Scott naye anajiandaa, na hofu ya kupitwa ikamtoa kambini tarehe 8 Septemba, kabla majira hayajakaa sawa. Baridi ilishuka hadi kama nyuzi 56 chini ya sifuri. Ikabidi wageuze, na katika kurudi Amundsen alitangulia, wengine wakaachwa nyuma wakifika saa nyingi baadaye wakiwa hoi. Mmoja wao, Hjalmar Johansen, mzoefu wa safari za barafu, alimlaumu mbele ya wenzake. Amundsen hakumsamehe, akamwondoa kwenye kikosi cha kwenda Nchani. Hilo silisifu hata kidogo. Lakini alipoondoka tena tarehe 19 Oktoba na wenzake wanne, alikuwa amejifunza kipimo. Mara nyingi walikwenda kati ya kilomita 28 na 37 kwa siku, kazi ya saa tano au sita, kisha wanaingia hemani kupumzisha watu na mbwa, hata siku ambazo wangeweza kuendelea. Walifika tarehe 14 Desemba, na wote watano wakarudi salama. Scott alifika tarehe 17 Januari 1912, na yeye na wenzake wanne walikufa njiani wakirudi. Sababu za msiba wake ni nyingi, siwezi kuziweka zote kwenye mwendo. Ninachokuomba ukitazame ni zile saa tano au sita. Mtu mwenye haraka kuliko wote duniani alikuwa akisimama mchana na kuingia hemani.

Nawe tafuta kipimo chenu. Mafaili mangapi kwa wiki mnaweza kuyasogeza, watu wakitoka kwa wakati, mmoja akiwa likizo na mwingine anaumwa? Hicho ndicho kiwekeni, na wiki nzuri ikija msikivuke sana. Mtaona kinachosha kwa udogo wake. Kishikilieni hivyo hivyo. Na wewe toka ofisini saa ile ile wanayotoka wao. Mkuu anayebaki hadi saa tatu usiku anawaambia wenzake kila siku kwamba kazi waliyoifanya mchana haikutosha.

Mkurugenzi atajibiwa kwa urahisi mkishayapanga mafaili. Mwambie mepesi yameisha, yaliyobaki yamekwama sehemu sita, hizi hapa, na katika hizo mbili nahitaji neno lako kwa idara fulani. Kiongozi akiletewa picha kamili na ombi moja linalotekelezeka, mara nyingi husaidia.

Nimemwacha yule mzee mwisho kwa sababu ndiye aliyenigusa zaidi. Mwanangu, mtu aliyebakiza miaka miwili astaafu hana sababu ya kuinuka kitini aje akuambie ukweli. Angeweza kunyamaza, akahesabu siku zake, akamngoja mkuu anayefuata. Alikuja, na alikuita mwanangu. Amekaa pale muda wa kutosha kujua ni jambo gani la wakuu waliopita lilidumu na kwa nini. Mfuate mezani kwake, usimwite kwako. Keti. Mwambie lile neno lilikuuma na kwamba lilikuwa la kweli, kisha umuulize: katika wote uliowaona, nani aliacha kitu ambacho bado tunakifanya? Umsikilize hadi mwisho. Halafu umwombe awe mmoja wa wale watu wawili au watatu wa kuyapanga mafaili.

Jumatatu fika mapema kabla ya wengine, ufute ile namba ya wiki saba. Usiandike nyingine. Uache ubao mweupe mpaka wao waamue kinachostahili kuandikwa, na atakayeshika kalamu asiwe wewe. Kisha niandikie baada ya wiki sita. Namba nitafurahi kuiona, lakini niambie pia imeandikwa kwa mwandiko wa nani.

Shangazi